Mstari wa Sita kwenye Karatasi ya Vidonge

Nilichofanya kwanza ni hiki: nilipewa karatasi ya Kiingereza niitafsiri kwa ajili ya moyo wa baba yangu, nikabadilisha mstari mmoja kwa ajili ya tumbo langu.

Mstari wenyewe ulikuwa wa sita. Ulisema, "Vidonge hivi vimezwe baada ya kula nyama yenye mafuta, kwa maana tumbo likiwa na mboga tu havina kazi ya kufanya." Niliuandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri kuliko ule ninaoandikia insha za shule, nikaweka na nukta mwishoni kama mtu mwenye akili zake. Kisha nikalala usingizi mtamu. Hilo la usingizi ndilo linaloniuma hadi leo.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Nikiuacha mstari huo usimame peke yake nitaonekana mwovu kuliko nilivyo, na uovu nilio nao unatosha.

Baba yangu, ambaye nyumbani tunamwita Tata, ni mchongaji wa mawe hapa Tabaka. Jiwe letu ni laini, hukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa panga kuukuu. Tata huchonga sahani, viboko wadogo wenye tabasamu, na seti za sataranji zenye wafalme ambao hakuna mtu wa Tabaka amewahi kutawaliwa nao. Jiwe huchimbwa bondeni na kupandishwa begani. Tata alipandisha mawe miaka yote ya maisha yangu bila neno. Mwaka nilioingia kidato cha pili, mwishoni mwa hii miaka ya tisini, akaanza kusimama njiani. Hakusema anapumzika. Aliketi juu ya jiwe lake katikati ya kilima, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba, akajifanya anakagua rangi.

Nilimwambia Mama kwamba siku hizi Tata anachumbia mawe.

Mama hakucheka. Siku ya pili alivaa viatu vya kanisani akampeleka hospitali mjini Kisii.

Daktari alimsikiliza kifua, akampima presha, kisha akamchorea picha nyuma ya kadi: bomba, na ndani ya bomba ukoko, kama ule unaobaki sufuriani ukisonga ugali. "Hii ndiyo mishipa ya moyo wako, mzee," akasema. Akampa tembe za presha na amri. Nyama ya mafuta basi. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Chumvi kidogo. Mama alirudi na ile kadi akatangaza serikali mpya.

"Sufuria ni moja," alisema. "Mimi sina hoteli. Anachokula yeye ndicho mtakachokula."

Tulikuwa tumebaki watoto wawili nyumbani, mimi na dada yangu mdogo wa miaka sita, ambaye hula chochote ukikiita keki. Kwa hiyo aliyeumia ni mimi. Ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu, Jumatatu. Jumanne maharage yaliyochemshwa na kuachwa uchi. Jumatano chinsaga tena, imelala usiku mzima na imeamka na hasira. Nasoma shule ya kutwa, hata kula bwenini kama vijana wa shule za bweni siwezi. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naota kitoweo.

"Mama," nikasema jioni moja, "ng'ombe ananitazama vibaya. Anaona ninammalizia chakula chake."

"Kalale naye basi," Mama akasema, "mtagawana."

Hapo ndipo chupa ilipofika.

Ilitumwa na mama mmoja Mzungu, mzee, mnunuzi wa sahani za Tata. Kila mwaka huja mwenyewe kuchagua, na mara ya mwisho alimkuta Tata ameketi juu ya jiwe akihema. Huyo mama hakudanganyika na habari ya kukagua rangi. Aliporudi kwao alituma chupa kupitia kwa Mhindi wa duka lililoko mjini, yule anayezifunga sahani zetu kwenye makaratasi na kuzisafirisha. Mhindi alimkabidhi Tata chupa na karatasi iliyokunjwa.

"Ni ya mishipa, mzee," alimwambia. "Lakini kwanza soma karatasi. Usikule kama peremende."

Tata alirudi ameishika ile chupa kwa mikono miwili. Alinikuta nje nikinoa panga zake, akaniita, "Momura." Hilo ndilo neno letu la kijana aliyetahiriwa, na Tata akilitumia, ujue kuna kazi ya heshima. "Wewe umesoma. Niandikie hii kwa Kiswahili."

Kwa nini Kiswahili, na sisi nyumbani tunaongea Ekegusii kuanzia asubuhi hadi kuota ndoto? Tata alisema Ekegusii hakina maneno ya namna hiyo, na Kiingereza chake kinaishia kwenye bei ya sahani. Lakini kuna sababu nyingine, na niliijua. Kwetu Kiswahili kilichoandikwa kina cheo. Tangazo la chifu limeandikwa Kiswahili. Bango la hospitali la kunawa mikono ni Kiswahili. Neno la Ekegusii unaweza kubishana nalo, ni la jirani. La Kiswahili likishaandikwa kwenye karatasi, watu wa umri wa Tata huvua kofia. Nilijua hivyo nilipoketi kuandika. Sitasema sikujua.

Niliketi kwenye esaiga yangu, kile kibanda cha vijana ninacholala tangu nitahiriwe, na kamusi ya shule mapajani. Karatasi ilikuwa ngumu lakini si ya kunishinda. Ilisema mishipa ya damu ina utando laini kwa ndani. Mtu akila mlo wenye mafuta mengi, kwa saa kadhaa utando huo huzembea, na mshipa haupanuki vizuri damu inapotaka kupita. Ndani ya vidonge mna asidi ya amino iitwayo arginini. Mwili huitumia kutengeneza hewa fulani, kidogo sana, na hewa hiyo ndiyo huuambia mshipa ulegee. Kwa hiyo huenda vidonge vikasaidia. Neno "huenda" lilijaa kwenye karatasi ile kama nzi kwenye bucha.

Niliposoma habari ya hewa nilicheka hadi nikalala chali. Nilielewa kwamba mishipa ya Tata ina afya pale tu inapojamba.

Chini kulikuwa na maelezo ya matumizi, mistari minane. Viwekwe mahali pakavu. Watoto wasifikie. Vidonge viwili kwa maji. Niliiandika yote kwa uaminifu hadi nikafika wa sita. Wa sita wa kweli ulisema hivi: "Bidhaa hii si dawa, na haichukui nafasi ya chakula ulichoagizwa na daktari wako."

Siku hiyo ilikuwa ya soko Nyamarambe. Jirani yetu alikuwa amerudi na kilo zake, na upepo ulikuwa umeamua kunitesa. Nilisikia nyama inaingia kwenye mafuta ya moto, ule mlio wa "shaaa", kisha harufu ikapita juu ya ua ikaja kuketi nami. Nilitazama mstari wa sita. Nikautazama mstari wa pili kule juu, uliosema habari ya mlo wenye mafuta. Nikajiambia kwamba mafuta yametajwa tayari, mimi ninayasogeza tu kidogo.

Nikayasogeza.

Jioni Mama alinitaka niisome karatasi mara mbili kwa sauti. Tata alisikiliza ameinamisha kichwa kama yuko ibadani. Nilipofika wa sita nilikohoa kidogo, kama mwalimu mkuu.

"Daktari alikataza mafuta," Mama akasema.

"Daktari hakuwa na vidonge hivi, Mama."

"Karatasi imesema hivyo kweli?"

"Mstari wa sita."

Mama aliichukua, akaweka kidole chini ya mstari, akausoma mwenyewe neno kwa neno, taratibu, jinsi anavyosoma kadi ya kliniki. Alipomaliza alimtazama Tata. Na hapo Tata, bila kuombwa na mtu, akanitetea vizuri kuliko wakili.

"Ni kama mbwa wa kuwinda," alisema. "Umempata mbwa, halafu msituni hakuna sungura. Atakimbiza nini?"

Mama akaikunja karatasi, akaiweka pamoja na chupa kwenye sanduku la chumbani mwao. Jumamosi iliyofuata alileta nundu.

Ile nyama ya juu ya bega la ng'ombe, yenye mafuta meupe yanayotetemeka sahanini, hiyo ndiyo nundu. Mama aliichemsha, akaikaanga kwa mafuta yake yenyewe na kitunguu, na moshi ulipotoka jikoni dada yangu alicheza. Mimi pia nilicheza, moyoni. Tulikula kimya kama watu walioachiliwa kutoka jela. Tata alilamba vidole, akateremsha vidonge viwili kwa maji, akapiga mbweu, akasema, "Sasa mbwa aende kazini."

Tulicheka wote wanne. Nilijiona daktari. Kila Jumamosi nundu, na katikati ya wiki mifupa yenye uboho, na Tata akaanza kuwaambia wenzake machimboni kwamba kijana wake anasoma dawa za Wazungu kama watu wengine wanavyosoma vibao vya barabarani. Wiki za mwanzo alidai anajisikia mwepesi. Nilimwamini kwa sababu lilikuwa jambo la faida kuamini.

Kisha shuleni tukafika somo la protini. Mwalimu wa biolojia aliandika "asidi za amino" ubaoni na mimi nikainua mkono kabla hajaweka chaki chini. Nilisema kwamba kuna moja iitwayo arginini, na kwamba kazi yake ni kuifanya mishipa ya damu ijambe. Darasa lilianguka. Mwalimu naye alicheka, ni mtu wa kucheka, akasema kwa matusi yangu yote sikuwa mbali sana na ukweli.

"Inapatikana wapi?" mmoja akauliza.

"Kwenye maharage. Njugu karanga. Mbegu za maboga. Nyama pia. Jikoni kwenu ipo." Akanigeukia mimi. "Wewe umeitoa wapi?"

"Baba yangu ametumiwa chupa, mwalimu."

"Anaumwa nini?"

"Mishipa ya moyo."

Kicheko cha mwalimu kiliisha polepole. "Na anakula nini?"

Darasa zima lilikuwa linanitazama likingoja kichekesho kingine, na mimi ndiye niliyelizoesha. Nikasema, "Chinsaga, mwalimu. Hadi ng'ombe analalamika." Wakacheka.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Maana hakuna kidonge kinachoosha sahani ya mafuta. Mwambie aisome ile karatasi kwa makini."

Yale maharage ya Jumanne, yale niliyoyaita uchi, yalikuwa na kile kitu chenyewe. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Kwenye kilima nikamkuta Tata ameketi juu ya jiwe, analisugua kwa kidole gumba.

"Rangi nzuri hii," akaniambia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Nililibeba jiwe lile mimi. Yeye alinifuata nyuma, na kila nilipogeuka alikuwa amesimama akitazama mashamba ya watu.

Jumamosi hiyo Tata aliisukuma sahani ya nundu. Aliisukuma kidogo tu, kwa kidole. "Leo mniachie mboga," alisema. Mama akairudisha mbele yake, akainama akamwambia jambo kwa sauti ya chini ambalo mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa natafuna. Tata akala. Nilimtazama akila hadi kipande cha mwisho, nami nikala vyangu vyote, maana kinywa changu hakijawahi kusubiri dhamiri.

Usiku huo nyama ilinikalia kifuani. Niliamua kuiiba ile karatasi ya bluu. Niliona kwamba nikiiharibu, naweza kusema nimeikumbuka vibaya, nikaandika nyingine yenye mstari wa sita wa kweli, na serikali ya chinsaga ikarudi bila mtu kupigwa wala kuaibishwa. Mpango mzuri. Ulikuwa na tatizo moja tu, nalo ni kwamba mimi ni momura.

Kwetu mvulana akishatahiriwa, chumba cha wazazi wake ni nchi ya kigeni. Haingii. Hata mlango ukiwa wazi hatazami ndani. Tunaiita ensoni, ile haya ya heshima iliyo kati ya mzazi na mtoto, na si jambo la kufanyia mzaha. Mimi ninayefanyia mzaha kila kitu, hilo sijawahi. Niliweza kuidanganya mishipa ya baba yangu, lakini kuvuka kizingiti cha chumba chake miguu ilikataa. Nilisimama kwenye mlango ule Jumatatu mchana, nyumba tupu, sanduku naliona kwa pembe ya jicho, nikashindwa.

Nikamtuma dada yangu, ambaye bado ni mdogo na ensoni haijamfikia.

"Ndani ya sanduku kuna karatasi," nikamwambia. "Niletee, nitakununulia mandazi."

"Mangapi?"

"Mawili."

Aliingia, akafungua sanduku, akakaa muda wa kunizeesha. Akatoka na karatasi iliyokunjwa vizuri, safi, yenye kung'aa. Ilikuwa ile ya Kiingereza. Hajui kusoma, akachagua iliyokuwa nzuri zaidi.

"Si hii. Kuna nyingine ya daftari."

"Ile mbaya?" akasema. "Ile Mama ameifunga na chupa kwa uzi." Na hapo tukasikia Mama anafungua lango, dada yangu akakimbia kudai mandazi yake kwa jirani kana kwamba mimi nina akaunti huko.

Basi nikabaki nayo. Ukweli wote uliokuwa nyumbani kwetu ulikuwa mfukoni mwa shati langu la shule, na uongo ulikuwa sandukuni, umefungwa kwa uzi. Jioni Mama aliuliza karatasi ya Mzungu imekwenda wapi. Dada yangu alinitazama. Nilimtazama. Mandazi yakawa matatu. Mama akasema labda panya, na kwamba hata hivyo tunayo ya Kiswahili.

Ningeweza kusema wakati ule. Nimeurudia wakati ule mara nyingi kuliko jedwali la kuzidisha. Fimbo sikuiogopa, fimbo nimeizoea. Nilichoogopa ni wale watu wa machimboni. Tata alishawaambia habari zangu. Mmoja alikuwa ameleta chupa ya dawa ya mbuzi niisome. Nilijua Tata atashuka asubuhi, na mtu atamuuliza daktari wake mdogo hajambo, na Tata atalazimika kujibu.

Niliishi na karatasi ile siku kumi. Niliihamisha kutoka shati hadi shati. Mstari wa sita niliujua kwa moyo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na nilijaribu hata Ekegusii. Tata alikuwa amekosea. Maneno yalikuwepo.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Tata alikuwa uani akisugua sahani kwa msasa ndani ya beseni la maji. Mimi nilikuwa nyumbani, tumefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo. Nilisikia msasa umenyamaza. Nilipotazama, ameshika kifua kwa mkono wenye maji, na maji meupe ya jiwe yanamtiririka hadi tumboni.

"Kuna mtu ameketi hapa," alisema polepole. "Mwambie ainuke."

Ni sentensi ambayo ningeweza kuisema mimi siku nyingine na watu wakacheka.

Mchukuzi wa mawe alitupeleka Kisii na pikapu yake, Tata amelala juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwa Mama, mimi nimeshika miguu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa baridi kama jiwe la bondeni. Njia nzima Mama alikuwa anaongea naye habari za kawaida kabisa, kuku aliyetaga kwenye ndoo, paa la kanisa. Nilijaribu kusali nikagundua kwamba kila sala niliyoijua nilishaiharibu kwa kuitungia maneno mengine.

Daktari alikuwa yuleyule wa picha ya bomba. Walimuingiza ndani, wakamchoma sindano, wakamwekea hewa puani, wakavuta pazia. Baada ya muda mrefu daktari alitoka akaketi nasi kwenye benchi.

"Yu hai, na nadhani atabaki hai," alisema. "Lakini moyo umeumia. Amekuwa akila nini, mama?"

Mama hakusita. Aliona amefanya kila alichoagizwa. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa, akafungua uzi, akampa karatasi yangu kwa mikono miwili. "Tumefuata hii."

Daktari akaisoma. Nilimtazama macho yake yakishuka mstari baada ya mstari, yakafika mahali, yakasimama, yakarudi juu, yakashuka tena.

"Nani ameandika?"

"Kijana wetu," Mama akasema. Alikuwa bado na fahari kidogo sautini, na hiyo ndiyo sauti ninayoisikia nikizima taa. "Aliitoa kwenye Kiingereza."

"Ya Kiingereza iko wapi?"

"Panya waliichukua."

Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe. Niliitoa. Ilikuwa imelainika kwa jasho, imechakaa kwenye mikunjo. Mama aliitazama, akanitazama, na sikuona hasira. Niliona mtu anayefanya hesabu.

Daktari aliisoma, akanirudishia. "Soma wa sita," alisema. "Kwa Kiswahili."

Nikasoma. Bidhaa hii si dawa, na haichukui nafasi ya chakula ulichoagizwa na daktari wako. Sauti yangu, ambayo ilibadilika mwaka juzi, ilirudi kuwa ya mtoto katikati ya sentensi.

Yeye hakunikemea. Alisema moyo wa Tata ulikuwa mgonjwa kabla ya nundu ya kwanza, na kwamba hakuna daktari wa kweli atakayeapa kwamba ni nyama ndiyo iliyomwangusha Alhamisi ile. Huenda ingekuja tu. Nililidaka neno hilo, huenda, kama mtu anayezama anavyodaka jani. Halafu akaongeza, "Na huenda isingekuja," akasimama akaenda kwa wagonjwa wengine.

Siku ya tatu Tata aliweza kuketi. Mama alinisukuma ndani ya pazia, akabaki nje. "Utamwambia wewe," alisema. Hayo tu.

Nilimwambia yote. Mstari, harufu ya jirani, karatasi ya mfukoni. Sikutia kichekesho hata kimoja. Tata alisikiliza akiwa anajisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, kana kwamba jiwe lipo katikati.

"Ulipoandika," akauliza, "ulikuwa na njaa?"

"Ndiyo, Tata."

"Mimi pia," akasema. Kisha akaniuliza kama nimezifunika sahani zake zisinyeshewe.

Sasa niko kidato cha tatu. Mawe napandisha mimi, kabla na baada ya shule, na Tata huchonga akiwa ameketi, vipande vidogo, viboko zaidi kuliko sahani. Ile chupa Mama aliirudisha dukani kwa Mhindi. Tunakula maharage. Sijawahi tena kusema lolote kuhusu ng'ombe. Machimboni Tata aliwaambia watu kwamba kijana alikosea mstari mmoja. Alisema "alikosea". Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na jiwe begani, nikaacha neno hilo lipite, na hiyo ni karatasi nyingine ambayo bado ninayo mfukoni.

Lakini nataka kusema ya jioni ile, tuliporudi kutoka hospitali siku ya tatu, mimi na Mama peke yetu. Alikwenda jikoni bila kubadilisha nguo. Aliinjika sufuria ya maji. Nilisimama mlangoni, nikasema, "Mama, nisamehe. Kosa ni langu peke yangu." Hakugeuka. Nikadhani hajasikia, nikataka kurudia, kisha nikaona mwiko umetulia mkononi mwake na maji yanachemka bure. Unga ulikuwa kando, hajautia.

Akasema, "Siku ile alipoisukuma sahani, ni mimi niliyeirudisha. Nilimwambia ale, mtoto wetu amesoma."